Mkono Ulioshona, Mwili Uliobeba: Mabango ya Vitambaa na Utendaji katika Sanaa ya Upinzani

Wachambuzi wengi wa sanaa ya upinzani wanapokutana na bango la kitambaa huanza na kuishia kwenye maandishi yake: kaulimbiu inasema nini, picha inamwonyesha nani, rangi ni za chama gani. Njia hiyo ina faida zake, lakini inaacha nje jambo lililo kiini cha sanaa yenyewe, nalo ni kwamba kitambaa hakisimami peke yake. Bango la bati laweza kupigiliwa misumari likaachwa, na maandishi ya ukutani hubaki hata aliyeyaandika akishakimbia, ila kitambaa huhitaji watu wa kukishikia fito, au bega la kukitundika, au kichwa cha kukifunga, au kiuno cha kukizungusha katika ngoma, na asipokuwapo wa kukibeba hukunjamana kisisomeke. Hoja inayojengwa hapa ni kwamba bango la kitambaa na utendaji, yaani tendo la sanaa linalofanywa na mwili mbele ya hadhira kwa wakati na mahali maalumu, ni sanaa moja yenye nyuso mbili, na kwamba nguvu yake ya kisiasa hutokana na uhusiano wa pande tatu: mkono ulioshona, mwili uliobeba, na mamlaka iliyolazimika kuamua kama itakigusa kitambaa hicho au itakiacha kipite.

Mkono ndio unaosahauliwa zaidi, ingawa Uingereza ya mwanzo wa karne ya 20 inaonyesha wazi uzito wake. Vyama vya wafanyakazi vya nchi hiyo vilikuwa na mabango makubwa ya hariri tangu karne ya 19, na mengi kati yake yalitoka katika kampuni ya George Tutill, iliyoanzishwa mwaka 1837, ambayo mafundi wake waliipaka hariri rangi za mafuta na kuwauzia wafanyakazi wa matawi mbalimbali. Yalikuwa mabango ya fahari, na mengine ya aina hiyo bado hupandishwa katika mkusanyiko wa kila mwaka wa wachimba migodi wa Durham ulioanza 1871, lakini aliyelibeba bango hakuwa ndiye aliyelitengeneza. Wanawake waliodai haki ya kupiga kura waliubadili mpangilio huo kwa makusudi. Januari 1907 Mary Lowndes, msanii wa vioo vya rangi vya madirishani, aliongoza kuundwa kwa Artists' Suffrage League, umoja wa wasanii uliobeba jukumu la kusanifu mabango ya harakati hizo, na tarehe 13 Juni 1908 wanawake wapatao 10,000 walipita katika barabara za London kuelekea Royal Albert Hall wakiwa na makumi ya mabango yaliyoshonwa na kutariziwa kwa mikono, mengine ya miji na taaluma zao, mengine ya kuwaenzi wanawake kama Jane Austen, Florence Nightingale na Marie Curie, wawili wa mwisho wakiwa bado hai wakati huo. Lowndes aliandika pia kijitabu kuhusu utengenezaji wa mabango, akishikilia kwamba bango halipaswi kuchukuliwa kama andiko la kusomwa kwa makini, kwa kuwa kazi yake ni kupepea na kuchezesha rangi zake kwenye upepo. Msanifu wa mabango mwenyewe, basi, alikuwa amekwisha kuona kwamba bango hukamilika linapotembea.

Uchaguzi wa sindano badala ya brashi ulikuwa na maana yake ya kisiasa. Wapinzani wa kura ya wanawake walidai kwamba mahali pa mwanamke ni nyumbani, na ushonaji ulikuwa alama kuu ya unyumba huo, kwani wasichana walifundishwa kutarizi ili wajifunze utulivu na utii. Rozsika Parker, katika kitabu chake The Subversive Stitch cha mwaka 1984, alionyesha kwamba ujuzi uleule uliotumiwa kumfinyanga mwanamke mtiifu ulimpa pia nyenzo ya kuukataa utii. Bango lililoshonwa vizuri liliwaweka wapinzani hao mahali pagumu, kwa kuwa kulidharau kulikuwa ni kuidharau kazi waliyoisifu wenyewe. Ukali wa mbinu hii unaonekana zaidi katika bango la mwaka 1910 lililosanifiwa na Ann Macbeth, mwalimu wa utarizi wa Glasgow, ambalo limeunganishwa kwa vipande 80 vya kitani, kila kimoja kikiwa na sahihi iliyotariziwa ya mwanamke aliyefungwa na kugoma kula gerezani. Sahihi kwenye karatasi huthibitisha hati, lakini sahihi iliyofuatishwa kwa uzi, pigo baada ya pigo la sindano, inaeleza pia muda, na muda ndio uliokuwa adhabu ya mfungwa. Bango hilo lilibebwa katika maandamano ya Juni mwaka huohuo, pamoja na wanawake waliokuwa wamewahi kufungwa, hivi kwamba majina na wenye majina vilipita mbele ya umma kwa pamoja.

Uingereza ile, pamoja na ukatili wa kuwalisha wafungwa kwa nguvu, iliyaruhusu maandamano ya mabango yapite barabarani. Swali huwa gumu zaidi pale barabara yenyewe inapofungwa, na hapa Chile inastahili kuchambuliwa kwa urefu, kwa sababu wanawake wake waliitenganisha kazi ya kushona na kazi ya kutembea, kisha wakaziunganisha tena kwa njia ambayo serikali ya kijeshi haikuitarajia. Baada ya mapinduzi ya tarehe 11 Septemba 1973 yaliyomweka Augusto Pinochet madarakani, zaidi ya watu 3,000 waliuawa au kutoweshwa katika miaka ya utawala wake, na maelfu mengine waliteswa na kukimbia nchi. Wake na mama wa waliotoweshwa walikutana katika milango ya magereza na vyumba vya kuhifadhia maiti, wakiulizia watu ambao serikali ilikana kuwashika, na kuanzia 1974 kamati ya makanisa iliwaanzishia warsha za kushona ili wapate kipato. Kamati hiyo ilipovunjwa kwa shinikizo la Pinochet, Kardinali Raúl Silva Henríquez aliunda mwaka 1976 idara ya kanisa iliyoitwa Vicaría de la Solidaridad, ambayo iliendeleza kazi hiyo chini ya kivuli cha Kanisa Katoliki. Kilichotoka katika warsha hizo ni arpillera, yaani picha ndogo ya viraka vilivyoshonewa juu ya kitambaa cha gunia, mara nyingi isiyozidi upana wa mkono uliokunjwa, yenye milima ya Andes na jua kwa nyuma, na vikaragosi vya nguo vilivyotuna mbele: wanawake mlangoni pa gereza, jiko la pamoja la mtaa, askari wakibomoa mlango, kiti kitupu mezani. Wengine walishona kwa vipande vya nguo za ndugu yao aliyetoweshwa, kwa maana hiyo kitu kilichokuwa kimeugusa mwili uliokanwa na dola kiliingia katika picha kikiwa ushahidi.

Arpillera hazikubebwa barabarani. Zilibebwa kwenye mizigo ya wasafiri na kupitia mitandao ya makanisa na ya Wachile walio uhamishoni, zikauzwa Ulaya na Amerika ya Kaskazini, nyingine zikiwa na kijifuko kidogo nyuma chenye kikaratasi cha maelezo. Kwa muda mamlaka iliziona kuwa kazi za mikono za akina mama maskini, zenye rangi za kuchangamsha, na rangi hizo ndizo zilizozipitisha. Baadaye serikali ilizitambua, na magazeti yaliyoiunga mkono yakazishutumu kuwa zinaichafulia nchi jina. Mafunzo mawili yanajitokeza hapo. La kwanza ni kwamba dharau kwa kazi ya wanawake inaweza kugeuzwa kuwa kinga. La pili ni kwamba kinga hiyo ina muda wake, kwani siku mamlaka inapojifunza kusoma mshono, mshonaji hubaki bila pazia.

Wakati arpillera zikisafiri nje, wanawake haohao waliupata mwili wao ndani ya nchi katika ngoma. Cueca ni ngoma ya Chile ya mwanamume na mwanamke, wanaozungukana huku kila mmoja akipeperusha kitambaa cha mkono, na ni ngoma ya uchumba. Tarehe 8 Machi 1978, katika ukumbi wa Caupolicán mjini Santiago, kikundi cha ndugu wa waliotoweshwa kiliicheza kwa namna iliyopewa jina cueca sola, yaani cueca ya mtu peke yake: mwanamke aliingia uwanjani akiwa na kitambaa chake cha mkono na picha ya mumewe, mwanawe au kaka yake kifuani, akacheza hatua zote kama kwamba mwenzake yupo, akimwachia nafasi yake tupu. Mwaka uliofuata serikali ya kijeshi iliitangaza cueca kuwa ngoma ya taifa kwa amri rasmi, na kuanzia hapo kila mwanamke aliyeicheza peke yake alikuwa akicheza ngoma halali ya taifa. Ni vigumu kutaja utendaji mwingine uliobana mamlaka kwa ustadi kama huu, kwa sababu kosa lenyewe halikuonekana popote katika kilichofanywa. Lilikuwa katika nafasi iliyoachwa wazi, na nafasi hiyo ilikuwa imetengenezwa na serikali.

Ng'ambo ya milima ya Andes, mama wa Argentina walikuwa wamefikia jambo linalofanana. Tarehe 30 Aprili 1977 kikundi kidogo cha wanawake kilikusanyika katika uwanja wa Plaza de Mayo mbele ya ikulu mjini Buenos Aires kudai watoto wao waliotoweshwa, na kwa kuwa hali ya hatari ilikataza watu kusimama makundi, polisi waliwaamuru watembee, nao wakatembea wakiuzunguka mnara wa katikati ya uwanja. Kilemba cheupe kilichokuja kuwa alama yao kilianza mwaka huohuo katika hija ya Luján, walipojifunga vichwani nepi za nguo ili watambuane katika umati. Amri iliyokusudiwa kuwatawanya ikawa ndiyo hatua ya ngoma yao, ikarudiwa kila Alhamisi.

Afrika Kusini inaonyesha namna sheria inavyoweza kuusanifu utendaji wa upinzani bila kukusudia. Mwaka 1955 wanawake weupe walioanzisha umoja uliokuja kuitwa Black Sash walisimama kimya hadharani wakiwa wamejivika mshipi mpana mweusi begani, kuiombolezea katiba iliyokuwa ikichezewa ili kuwanyang'anya kura watu walioitwa machotara, na sheria za kuzuia mikusanyiko zilipoongezeka, walisimama mmojammoja, kila mmoja akiwa mbali na mwenzake. Mshipi huo haukuandikwa neno. Ulikuwa pia na mpaka wake, na uchambuzi wa haki lazima uuseme: ngozi ya waliouvaa iliwapa ulinzi ambao wanawake wapatao 20,000, wengi wao weusi, walioandamana kwenda Union Buildings mjini Pretoria tarehe 9 Agosti 1956 hawakuwa nao. Miaka ya 1980, mikutano ya kisiasa ilipopigwa marufuku, mazishi yakawa ndio uwanja uliosalia, na kitambaa kikahamia kwenye jeneza. Katika mazishi ya Cradock ya tarehe 20 Julai 1985, ya Matthew Goniwe na wenzake watatu waliouawa na vyombo vya usalama, bendera kubwa nyekundu ya chama cha kikomunisti, kilichokuwa marufuku tangu 1950, ilipandishwa mbele ya maelfu ya waombolezaji, na siku hiyohiyo serikali ilitangaza hali ya hatari katika sehemu kadhaa za nchi.

Iwapo kitambaa kisicho na neno kinaweza kusema hivyo, msanii aliyelifuata swali hili hadi mwisho wake ni Mbrazili Hélio Oiticica. Kuanzia 1964, mwaka ambao jeshi lilitwaa madaraka nchini mwake, alitengeneza alichokiita parangolé, yaani majoho, mabango na mahema ya vitambaa na plastiki yaliyopachikwa rangi juu ya rangi, ambayo alisisitiza kwamba si kazi ya sanaa mpaka mtu ayavae na kucheza. Alikuwa amejifunza samba katika mtaa wa mabanda wa Mangueira mjini Rio de Janeiro, na Agosti 1965, katika ufunguzi wa maonyesho ya Opinião 65 kwenye jumba la sanaa za kisasa la mji huo, alifika na wachezaji wa Mangueira wakiwa wamevaa majoho hayo, uongozi ukawakatalia kuingia, wakachezea nje. Yaliyoonyeshwa siku hiyo yalipita chochote ambacho kingeandikwa juu ya joho, kwani mlango uliofungwa ulidhihirisha ni nani aliyehesabiwa kuwa mtazamaji wa sanaa na nani hakuhesabiwa.

Kwa msomaji wa pwani ya Afrika Mashariki, wazo kwamba nguo inasema kwa kuvaliwa halihitaji kuthibitishwa. Kanga yenye pindo, mji na jina, yaani maandishi yake, imefanya kazi hiyo kwa zaidi ya karne, na uwezo wake wa kisiasa umo katika kukanika kwake: aliyelengwa akiuliza, mvaaji hujibu kwamba amevaa nguo tu. Historia yake ya awali nayo ni ya kisiasa. Mwanahistoria Laura Fair ameonyesha kwamba baada ya amri ya mwaka 1897 iliyoondoa hadhi ya kisheria ya utumwa Zanzibar, wanawake waliokuwa watumwa waliziacha kaniki na merikani, nguo zilizowatambulisha kuwa watu wa chini, wakajitanda kanga, wakidai kwa macho ya watu wote heshima ambayo karatasi ya serikali haikuwapa. Nusu karne baadaye, Dar es Salaam, vikundi vya ngoma vya wanawake, hasa vya lelemama, ambavyo vilikuwa na viongozi, michango, sare na desturi ya kushindana kwa nyimbo, viligeuka kuwa njia ya TANU, chama kilichopigania uhuru wa Tanganyika, ya kuwafikia wanawake. Bibi Titi Mohamed, aliyekuwa mwimbaji kiongozi wa kikundi cha ngoma kabla ya kuongoza wanawake wa chama kuanzia 1955, alikwenda kwa vikundi hivyo kwa kuwa ndivyo alivyovijua, na Susan Geiger, aliyekusanya masimulizi ya wanawake hao, ameonyesha jinsi mtandao huo ulivyoufanya uanachama wa wanawake kukua kwa haraka. Sare ya ngoma ilikuwa imewazoesha wanawake wa makabila mbalimbali kuonekana kuwa kundi moja kabla siasa haijawataka wawe taifa moja, na historia ya uhuru inayoanza na kumalizikia kwenye hotuba za viongozi wanaume haiwezi kueleza jambo hilo.

Kinyume cha kuvaa nacho ni utendaji. Nairobi, tarehe 16 Machi 1922, umati uliokusanyika nje ya kituo cha polisi kudai kuachiwa kwa kiongozi wao aliyekamatwa, Harry Thuku, ulipoanza kulegea, Mary Muthoni Nyanjiru alipandisha nguo yake na kuwasuta wanaume waliotaka kuondoka, na risasi zilipofyatuliwa akawa miongoni mwa waliouawa. Miaka 70 baadaye, mjini humohumo, mama wa wafungwa wa kisiasa walianza mgomo wa kula katika bustani ya Uhuru tarehe 28 Februari 1992 wakiwa na mwanaharakati Wangari Maathai, na polisi walipowavamia tarehe 3 Machi kwa virungu na mabomu ya machozi, baadhi ya mama hao walivua nguo zao mbele ya askari. Kwa mila za Wagikuyu, na za jamii nyingine nyingi za eneo hilo, utupu wa mama anayeuonyesha kwa makusudi ni laana kwa anayelazimika kuutazama. Askari aliyejifunza namna ya kumnyang'anya mwandamanaji bango hakuwa na la kumnyang'anya mama aliyekwisha kujivua mwenyewe, na mama hao, waliohamia katika kanisa kuu la All Saints, waliendelea na madai yao hadi wengi wa wafungwa hao walipoachiwa.

Pingamizi moja linastahili kujibiwa: dola na vyama tawala navyo hutumia vitambaa, na kwa wingi zaidi. Kanga, vitenge na fulana hugawiwa katika kampeni za Afrika Mashariki, na umati uliovaa rangi moja hupigwa picha kuwa ushahidi wa kupendwa kwa mgombea. Hata hivyo, nguo hizo zina pande mbili tu, aliyetoa na aliyepewa. Mkono wa mvaaji haumo katika utengenezaji wake, na mamlaka haina uamuzi mgumu wa kufanya mbele yake. Vijana wa Kenya waliojifunga bendera ya taifa katika maandamano ya Juni 2024 walikuwa na kitambaa cha dola yenyewe, lakini waliurudisha ule upande wa tatu uliokosekana, kwa sababu askari aliyewakabili alikabili pia nembo aliyoapa kuilinda.

Uhusiano huu wa pande tatu ndio unaoyatatiza majumba ya makumbusho, ambayo yamekuwa makini katika kuhifadhi kitambaa kuliko katika kuhifadhi tendo. Bango la wafungwa wa Uingereza limo katika makumbusho ya London, na arpillera nyingi zimo katika jumba la kumbukumbu na haki za binadamu lililofunguliwa Santiago mwaka 2010, ambako zinatunzwa dhidi ya mwanga na wadudu. Parangolé zilizosalia, baada ya moto wa 2009 kuharibu kazi nyingi za Oiticica mjini Rio de Janeiro, ni dhaifu mno kuvaliwa, kwa hiyo majumba hushona nakala za wageni kuvaa, suluhisho linaloheshimu nia ya msanii kuhusu mwili huku likiiacha nje amri ya mlangoni iliyowazuia watu wa Mangueira. Upungufu huo unaweza kupunguzwa kwa maandishi yanayoambatana na kazi, iwapo yataeleza ni nani aliyeibeba, wapi, na chini ya sheria gani, badala ya kutaja tu malighafi na vipimo. Kwa arpillera kuna deni zito zaidi. Nyingi hazikutiwa sahihi, kwa kuwa jina lingeweza kumfikisha mshonaji mahali alipofikishwa mumewe, na kutokana na hilo zimeingia katika historia ya sanaa zikiwa kazi za watu wasio na majina, ilhali wasanii wa kiume wa bara hilohilo na miaka hiyohiyo wanajulikana kwa majina kamili. Wanawake walioshika sindano mwaka 1974 wakiwa na watoto wa kuwatafuta leo ni wazee sana au wamekwisha kufariki, na kuwauliza waliosalia ni picha ipi ilitoka mkononi mwao, na kama wanaridhia iandikwe jina, ni utafiti wa kufanywa sasa.